Ukurasa Uliomngoja Mkubwa

Jumanne, 19 Septemba

Ukurasa umekamilika. Saa nne na robo asubuhi. Naandika saa ili wajukuu wajue.

Nieleze kwa ajili yao. Baba Mkubwa Gaolathe, mkuu wa ukoo wetu, umri miaka themanini na mmoja, aliamua mwezi uliopita kwamba watu wetu walioko Gaborone, Francistown na migodini ng'ambo ya mpaka wasikie majigambo ya nyumba zote tano kabla ya Boipuso, sikukuu ya uhuru, tarehe thelathini. Kila nyumba irekodi majigambo yake. Yote yawekwe kwenye ukurasa mmoja wa mtandao. Nyumba itakayosikilizwa mara nyingi zaidi kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, mghani wake atasimama kgotla, baraza letu, mbele ya ukoo mzima, amevaa joho la ngozi za mbweha.

Kazi ya ukurasa nimepewa mimi, Mmoloki wa nyumba ya tatu. Ungempa nani mwingine? Nina cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Kiko ukutani, na kioo juu yake.

Sikuandika ukurasa kwa mkono kama fundi wa kawaida. Nimeandika programu inayoandika ukurasa. Unaipa orodha ya nyumba na mafaili ya sauti, nayo inapika kila kitu: vichwa, picha, visanduku vya kusikilizia. Boitshepo, mke wangu, mama wa mtoto wetu Thuto, aliuliza kwa nini nimetumia wiki tatu kutengeneza mashine ya kuandika visanduku vitano, wakati ningeviandika kwa mkono kwa siku moja. Nikaendelea kuandika. Yeye anauza magwinya, maandazi yetu ya mviringo, kwenye geti la shule. Programu si unga.

Baba Mkubwa alitoa sharti moja tu. Mdogo asifungue kinywa kabla mkubwa hajafunga chake. Ni kama tunavyoonja boga la kwanza la mwaka: nyumba ya kwanza inauma, halafu ya pili, na wa mwisho anameza mate. Sharti hilo nimelitia ndani ya programu. Kisanduku cha pili hakifunguki mpaka cha kwanza kisikilizwe hadi mwisho. Cha tatu kinangoja cha pili. Kazi safi! Baba Mkubwa alikaribia kutabasamu.

Jambo dogo la mwisho. Nyumba ya kwanza ni ya Baba Mkubwa mwenyewe, na mghani wake ni binamu yangu Olefile, mtoto wa nduguye. Olefile ana sauti, sikatai. Nimemzidi miaka mitatu, lakini kwa kuwa babu yake alizaliwa kabla ya babu yangu, ananiita "mdogo wangu" mbele za watu, na mila inamruhusu. Leo mchana nimelifuta faili lake kwenye seva. Kadi yake ya kumbukumbu, yenye jina lake kwa wino mwekundu, nimeifukia ndani ya kopo la unga jikoni. Watu watadhani ni mtandao. Watasikiliza nyumba nne zilizobaki, na katika hizo nne hakuna wa kunifikia.

Baba yangu alikufa hajasimama kgotla. Babu yangu pia. Nyumba ya tatu hupita na sinia la vikombe vya chai wakati wengine wanasema. Hilo linaniuma. Naliandika mara moja, sitalirudia.

Jumatano, 20 Septemba

Simu ishirini na sita kabla ya chakula cha mchana. Wote wanasema jambo lile lile. Ukurasa unafunguka, picha zipo, majina yapo, lakini badala ya sauti kuna visanduku vitano vyeusi, na ndani ya kila kimoja kiduara kinazunguka bila kufika popote.

Nimewaambia waongeze bando.

Kwenye kompyuta yangu vyote vitano vinafunguka. Nimejaribu mara tisa. Hata cha Olefile, ambacho nilikifuta kwa mkono wangu! Kinaghani kama kawaida, kwa ile sauti ya kisimani. Mtu huyu hata ukimfuta hafutiki. Nimekereka kidogo, lakini nimeona ni heri: kama kwangu vinafunguka, basi ukurasa ni mzima na kasoro ni ya watu.

Boitshepo ameufungua kwenye simu yake. Vyeusi. Nimemwambia simu yake ina mafuta ya kukaangia.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimempata mkosaji. Mnara.

Nimetembea hadi kwenye mnara wa simu kule nyuma ya zizi la mifugo waliopotea. Nimemweleza mlinzi kwa upole kwamba mnara wake unawanyima watu majigambo ya mababu zao. Akasema mnara hauna neno, yeye tangu asubuhi anaangalia mpira kwa simu na hajakatikiwa hata mara moja. Nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha. Dakika themanini na mbili, picha safi kabisa. Nikamwomba aufungue ukurasa wangu. Visanduku vitano vyeusi.

Akauliza kama hiyo ni michoro ya makaburi.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya mbali.

Ijumaa, 22 Septemba

Usiku wa kutafakari umezaa matunda. Faili langu ni zito mno! Dakika sita. Lazima ndilo linaloziba njia na wenzake wote wanakwama nyuma yake. Kwamba lenyewe ni la tatu kwenye foleni, hilo halikunisumbua asubuhi.

Nimerekodi upya chini ya blanketi ili kuzuia mwangwi. Mara thelathini na moja. Ili kupunguza uzito nimepunguza ng'ombe. Babu katika majigambo yetu aliswaga ng'ombe arobaini kuvuka jangwa, na kila mmoja ana rangi yake, pembe zake na tabia yake. Nimebakisha kumi na wawili. Mto umetoka. Simba ametoka. Nyanya ametajwa kwa haraka. Dakika mbili na nusu.

Nimeendesha programu. Imepika ukurasa mpya. Nimempigia Shangazi Seipone, dada yake marehemu baba, kumuuliza anaona nini. Akasema anaona visanduku vitano vyeusi, na kwamba anasikia pia nimewachinja ng'ombe wa baba yake ishirini na nane chini ya blanketi.

Nani alimwambia? Kuta za nyumba hii zina masikio, na jina la masikio hayo ni Boitshepo.

Jumapili, 24 Septemba

Baada ya ibada Olefile alisimamisha gari lake mbele ya geti letu. Hakushuka. Aliegemea dirishani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani wa tatu, "Mdogo wangu! Nasikia mtoto wako amezaliwa bubu."

Nikamwambia ukurasa uko kwenye matengenezo.

Akauliza kama nahitaji msaada. Ana rafiki pale idara ya mifugo anayejua kompyuta. Nikakataa. Mtu wa idara ya mifugo akiona orodha yangu ataona pengo kwenye nyumba ya kwanza. Nikamwambia kwa uchungu wa kutosha kwamba nasikitika sana majigambo yake hayasikiki. Akasema nisijali, ya kwake yako salama mfukoni. Akapiga mfuko wa shati, akacheka, akaondoka na vumbi lake.

Mfukoni! Majivuno ya watu wa nyumba ya kwanza hayana mipaka. Sasa nashuku ndiye anayeharibu ukurasa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimepiga simu kwa kampuni inayotukodisha seva. Dakika arobaini za muziki wa zumari. Kisha mwanamke mmoja mpole sana akaniuliza kama kompyuta ni mali yangu peke yangu na kama niliwahi kusikiliza mafaili hayo kabla. Nikasema bila shaka, mimi ndiye mwenye kuyapandisha. Akasema basi kivinjari changu kimeweka nakala, kinanichezea kutoka kwenye kumbukumbu yake, na mimi sioni wanachoona wenzangu. Nifute kumbukumbu hiyo kwanza.

Nimefuta. Yote. Niliulizwa mara mbili kama nina hakika, nikasema ndiyo mara mbili.

Sasa hata kwangu ni visanduku vitano vyeusi.

Nikampigia tena kumlaumu. Zumari.

Jumanne, 26 Septemba

Siku mbaya. Naiandika kwa utaratibu.

Shangazi Seipone amekuja mwenyewe, na miwani miwili. Miaka ishirini na saba alikuwa mwunganishaji wa simu pale Lobatse, zama za waya na matundu. Hajui programu. Lakini alivuta kiti, akaniambia nimsomee mstari mmoja mmoja kwa Kitswana cha kawaida, kila mmoja unaamuru nini. Nilianzia chini ili nimchoshe. Hakuchoka. Tulipofika juu nikafunika orodha kwa kiganja. Akakiondoa kiganja changu kama anavyoondoa inzi kwenye maziwa.

Akasema hivi. Umewapanga watu watano kwenye laini. Umewaambia kila mmoja angoje aliye mbele amalize kusema. Aliye mbele kabisa hayupo. "Basi watangoja, baba. Watangoja mpaka Yesu arudi, na akirudi atamkuta Mmoloki anaongeza bando."

Kisha akauliza faili la Olefile liko wapi.

Nikasema limeliwa na mtandao.

Alivua miwani ya kwanza, akavaa ya pili. Akasema alinibeba mgongoni, na uso huu ndio uleule niliokuwa nao nikiwa na miaka saba siku kibuyu cha maziwa ya mgando kilipokutwa kitupu. Nirudishe faili. Nikamuuliza kama isingekuwa busara programu imruke asiyekuwepo. Akasema ni busara kubwa, na akanitakia kila la heri siku nitakapomweleza Gaolathe kwamba mkubwa amerukwa.

Mlangoni akageuka na kuongeza jambo. Kwa foleni yangu hii, hakuna mtu awezaye kuifikia nyumba ya tatu bila kuipitia ya kwanza. Kwa hiyo ya kwanza itahesabiwa kila mara, hata ya tatu iwe tamu namna gani. "Hukuhitaji adui. Ulijijengea mwenyewe."

Sikuwa nimeliona hilo. Wiki tatu sikuliona. Niliumia, nakiri.

Lakini nikajipa moyo. Watu watapita kwa Olefile mara moja, kwa heshima. Kwangu watarudia. Basi nimrudishe. Nakala ya kwenye kompyuta nilikwisha kuifuta kwa ushauri wa mtaalamu. Ya kwenye seva nilikwisha kuifuta kwa ushauri wangu mwenyewe. Imebaki kadi.

Kopo la unga lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi ili likauke.

Siwezi kumuuliza Boitshepo. Nikimuuliza, ataniuliza.

Jumatano, 27 Septemba

Kama kadi haimo kwenye kopo, imo kwenye unga. Kama unga umeisha, basi imo ndani ya magwinya. Huo ni mfuatano usio na kasoro.

Nilikuwa kwenye geti la shule kabla ya kengele ya mapumziko. Nikanunua magwinya yote. Sitini na manne. Boitshepo aliniuliza nani amekufa. Nikasema nina njaa. Nikakaa kwenye jiwe la pembeni na kuanza kupasua moja moja na kuchungulia ndani.

Wanafunzi wakakusanyika ukutani. Mwalimu wa zamu akatoka. Boitshepo akasema kwa sauti ya utulivu kabisa, "Baba Thuto, nyumbani yanapikwa bure, na hayapekuliwi."

Hakuna kadi. Nimekula kumi na moja ili nisionekane mwendawazimu. Yaliyobaki, yakiwa vipande, nimewapa wanafunzi, nao wameniita jina ambalo sitaliandika.

Tumbo linauma. Siku mbili na nusu zimebaki.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimeshinda! Akili ya mtu haizimwi kwa magwinya.

Foleni inangoja kisanduku cha kwanza kisikilizwe hadi mwisho. Foleni haijui ndani kuna nini. Haina masikio! Nikiweka faili lolote mahali pa Olefile, mlango utafunguka. Na kwa nini niweke sauti? Nitaweka ukimya. Dakika mbili za ukimya, juu yake jina la Olefile. Watu watasikiliza hewa tupu ya nyumba ya kwanza, watakohoa, watapita kwa nyumba ya pili ambayo mghani wake ana kigugumizi, kisha watanifikia mimi kama mtu anayefika kisimani.

Nilitega simu uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, asubuhi kazi za nyumbani zikiwa zimetulia. Nikabonyeza. Nikaenda nyuma ya nyumba na kubana pumzi ili nisiharibu. Niliporudi, dakika mbili na sekunde kumi na mbili. Nikaipandisha moja kwa moja bila kuisikiliza. Nani husikiliza ukimya?

Programu ikapika ukurasa. Nikaufungua kwenye simu ya Boitshepo, ile ya mafuta. Kisanduku cha kwanza kikafunguka. Nikatoka nje kuangalia kama gari la Olefile linapita, na niliporudi kilikuwa kimemaliza. Cha pili kikafunguka. Cha tatu! Sauti yangu mwenyewe ikatoka kwenye simu ya mke wangu, na ng'ombe wote kumi na wawili.

Nimeutangazia ukoo wote kwamba kasoro ilikuwa kwenye mnara na kwamba nimeishughulikia.

Ijumaa, 29 Septemba

Hesabu imefungwa saa kumi na mbili jioni. Nanakili kama ilivyo.

Nyumba ya kwanza: mara elfu moja mia tisa na kumi na nne.
Nyumba ya pili: themanini na tatu.
Nyumba ya tatu: sitini na moja. Ishirini na mbili kati ya hizo ni mimi.
Ya nne na ya tano sikuangalia.

Nilidhani ni kasoro nyingine. Lakini ujumbe umekuwa ukimiminika tangu jana jioni. Muuguzi wetu wa Francistown anasema ameisikiliza nyumba ya kwanza zamu nzima. Vijana wa Gaborone wameifanya mlio wa simu. Mmoja kutoka migodini Rustenburg ameandika kwamba aliisikiliza bwenini, na watu wasio wa ukoo wetu, hata wasiojua Kitswana, wakamwomba airudie.

Airudie nini? Ukimya?

Nikachukua simu, nikaenda kukaa juu ya ile ndoo, nikasikiliza.

Kwanza ufagio kwenye mchanga. Kisha jogoo wetu mwenye koo bovu, yule anayeanza kuwika na kusahau katikati. Pampu ya kisima kwa mbali inakohoa, inashika, inaendelea. Ufagio tena. Mtu anaweka chini sufuria ya bogobe, ugali wetu wa mtama. Halafu Boitshepo, si kwa kupayuka, kwa sauti tu ya kuita mtu anayejulikana yuko karibu: "Baba Thuto! We Baba Thuto! Njoo ule, bogobe linapoa. Nimekuwekea kiti cha baba yako kivulini." Kimya kidogo. "Uko wapi wewe, mbona hujibu?" Na jogoo.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nyuma ya nyumba nimebana pumzi.

Nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne sikuwa nachunguza hesabu. Nilikuwa na hamu ya kwenda nyumbani, na nilikuwa nyumbani.

Vumbi jingi leo. Macho yanawasha. Kesho Olefile atavaa joho kwa ajili ya jogoo wangu.

Jumamosi, 30 Septemba. Boipuso

Kgotla imejaa. Bendera za samawati kila nguzo. Seswaa, nyama ya kuchemshwa na kupondwa, tangu alfajiri, masufuria matano. Nilivaa suti ya harusi, sijui kwa nini.

Baba Mkubwa alisoma hesabu mwenyewe, polepole, kidole kwenye karatasi. Alipofika sitini na moja alirudia, akidhani amesoma vibaya. Kisha akamwita Olefile.

Olefile akasimama. Akavua kofia. Akasema anaheshimu ukoo, lakini ile iliyosikilizwa si yake. Yake hii hapa. Akatoa kwenye mfuko wa shati kadi, jina lake kwa wino mwekundu. Akasema Boitshepo aliikuta alipokuwa akichekecha unga, Jumatano ya wiki iliyopita, akadhani imeanguka kwa bahati mbaya, akamrudishia siku hiyohiyo. Naye akadhani mdogo wake Mmoloki amemaliza kazi nayo. Ndiyo maana Jumapili alipita kuniambia iko salama.

Siku kumi! Siku kumi ilikuwa mfukoni mwake, na mimi nimepasua magwinya sitini na manne.

Tena, Olefile akaongeza, yule jogoo angemtambua popote duniani. Ni wa nyumba ya tatu. Tangu azaliwe hajawahi kumaliza sentensi, kama bwana wake. Watu wakacheka mpaka Baba Mkubwa akagonga fimbo.

Akauliza nani alirekodi. Nilisimama kabla swali halijaisha. Mimi! Nyumba ya tatu imesimama kgotla, niliwaza, baba angeona. Akauliza jinsi gani faili hilo lilifika mahali pa nyumba ya kwanza. Nikaanza kurekebisha tai. Shangazi Seipone akasema kutoka kwenye viti vya wanawake, bila kunitazama, kwamba ni mtandao. Halafu akasema sauti ni ya Boitshepo, na ufagio ni wa Boitshepo, na kama kuna mwingine humu aliyesikika kwenye rekodi ile zaidi ya jogoo, na ainue mkono.

Sikuinua.

Kuna aliyenung'unika kwamba mwanamke wa kuolewa haghani majigambo ya nyumba. Baba Mkubwa akanyoosha fimbo kuelekea nyuma, alipoketi Tshiamo, mtoto wa dada yake, yule wa Rustenburg. Begi bado lilikuwa kati ya miguu yake. Akasema, "Huyu alikaa miaka sita bila kukanyaga hapa. Mama yake alizikwa bila yeye. Jana usiku amegonga mlango wangu akauliza kama kuna bogobe. Olefile, mwanangu, wewe na midundo yako yote, umewahi kumrudisha nani?"

Olefile akasema hajawahi. Akalichukua joho mwenyewe, akalipeleka.

Boitshepo alikuwa kwenye moto, mikono imejaa unga. Akasema ana magwinya kwenye mafuta, wafanye haraka. Wakamvika juu ya aproni. Akaletwa katikati. Wakamwambia aghani. Akasema hajui kughani, hajawahi. Akatazama huku na huku kwa aibu, ngozi za mbweha zimemshinda mabega. Ndipo akaniona.

"Baba Thuto," akaita, vilevile kama uani. "Njoo ule, wewe. Tangu asubuhi hujala."

Kgotla nzima ikalipuka. Vigelegele, miluzi, wazee wamesimama. Tshiamo alikuwa ameziba uso kwa kofia yake. Na wote, watu mia nne hivi, wakageuka kunitazama mimi, wakingoja niende.

Nikaenda. Ningefanya nini? Nyama ilikuwa inapoa.

Olefile akanipiga bega nilipopita. "Hongera, mdogo wangu." Baadaye kidogo mtu akanipa sinia, na nikashika vikombe vya chai.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimelala vizuri. Nimechambua makosa kwa haki, bila upendeleo. Mnara. Mwanamke wa zumari. Jogoo. Kwa upande wangu sioni.

Boitshepo aliniuliza leo asubuhi kadi ile ilikuwa inafanya nini ndani ya unga. Nikasema unga hukinga unyevu. Akasema, "Aa." Joho limetundikwa ukutani karibu na cheti changu. Linakifunika kidogo upande wa kulia. Nimelisogeza mara mbili, na mara mbili nimelikuta limerudi.

Baba Mkubwa ametuma ujumbe. Anataka ukurasa mwingine kwa ajili ya Krismasi, nyumba zote tano, masharti yaleyale, na safari hii nyumba ya tatu iwakilishwe na Boitshepo. Kazi ya programu bado ni yangu. Hilo ndilo la maana.

Nimeshairekebisha. Faili lolote likikosekana kwa nyumba ya tatu, na ya tatu peke yake, programu yenyewe itachukua majigambo yangu na kuyaweka pale. Ng'ombe wote arobaini wamerudi, na simba.

Boitshepo amekwisha kurekodi. Hana subira, huyu mwanamke. Ni sauti ya mwiko kwenye sufuria ya bogobe, na yeye anahesabu sahani, na kila sahani anataja mtu aliye mbali. Ni nzuri. Nimeisikiliza mara tatu, siwezi kukataa. Kadi ameiacha mezani ili niipandishe.

Nimeiweka mahali salama. Si kwenye unga, mimi si mjinga. Nimeifukia ndani ya kopo la sukari, chini kabisa.

Namsikia jikoni. Anachemsha maji ya chai.